Mahari ya Katoro

Mume wangu ni Msukuma wa Didia, na ulimi wake haujawahi kutofautisha r na l. Miaka yote ananiambia anakuja "kura wali" na sijawahi kudhani anakwenda kupiga kura. Ila jioni moja, amerudi nyumbani kwetu Ngokolo kutoka Katoro anakouza vipuri vya pikipiki, nilimsikia nyuma ya nyumba akimwambia kaka yake kwa simu: "Mahari nimeshapata. Bado kumwambia huyu wa nyumbani tu."

Huyu wa nyumbani ni mimi. Na mahari, nijuavyo, hutolewa kwa mwanamke.

Kuanzia hapo nikawa askari kanzu. Shati jipya, kanunuliwa na nani? Simu kailaza kifudifudi, anamficha nani? Akinyamaza, nasema anamuwaza. Kuuliza sikuuliza, niliogopa jibu. Chakula kikawa hakipiti, moyo unadunda nimekaa tu. Muuguzi wa zahanati alinipima presha, akanitazama usoni.

"Mama, wewe una mawazo. Huyo unayemuwaza, umeshamuuliza?"

Nilimchukia palepale. Nikashuku naye anajua kitu.

Mume wangu aliporudi kazini akanipigia: "Njoo Katoro, kuna kitu uone." Kitu! Nikafungasha nguo zangu zote, nikishamwona huyo kitu nipitilize kwetu Kigoma.

Alinipokea stendi, katikati ya honi za bodaboda. Hata salamu sikumpa.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Uliyemtolea mahari!"

"Mimi nimesema mahari, mke wangu, siyo mahari!"

Akajisikia mwenyewe, akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akanionyesha ng'ambo ya barabara: fremu ya duka yenye chumba nyuma, mlango umepakwa rangi juzijuzi. Mahali. Alikuwa amepata mahali petu wawili, nisibaki tena peke yangu Ngokolo. Nikacheka kwa aibu, kifua kikawa chepesi.

Ndipo akanyanyua begi langu. Uzito ukamkata kicheko.

"Umebeba nguo zote. Zinakwenda wapi?"

"Kigoma," nikasema.

Sasa tunaishi Katoro. Neno likinikwaruza nauliza hapohapo, hata ugali ukiwa motoni, na usingizi naupata. Yeye ndiye ananitia wasiwasi. Nikikunja nguo nilizoanua, anasimama mlangoni ananitazama.

"Uliza," namwambia.

Anasema hana neno.