Kona ya Kushoto, Chini

Kompyuta ya baba nimeigombeza mara nyingi, lakini Jumamosi ile niliitukana. Niliitukana kwa sauti, sebuleni kwake Kibondo, mbele ya mzee ambaye hajawahi kunisikia nikitamka tusi. Sijaomba radhi mpaka leo na sioni kwa nini niombe.

Nianzie nyuma kidogo. Baba alikuwa karani wa mahakama. Miaka yote ya kazi alipiga taipureta kwa vidole kumi bila kutazama herufi, na alipostaafu nikamtafutia kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, maana niliona mikono yake inakosa kazi. Halafu yakaanza macho. Presha ya macho, ndivyo tulivyoambiwa. Kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa kwa matone asubuhi na jioni. Mimi ni muuguzi, niko Kasulu, maneno hayo nimewaambia wagonjwa wengi, ila sikuwahi kuambiwa mimi. Kwa sasa baba anatofautisha cheupe na cheusi, na sura yangu anaitambua nikimsogelea kabisa.

Ndiyo maana alikuwa na haraka. Alikuwa anaandika habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani, nani alihama kutoka wapi. Upande wake aliumaliza, ukabaki upande wa mama. Mama alifariki nikiwa darasa la kwanza. Wazazi wake walikuwa wamekwisha tangulia, kwa hiyo mtu pekee anayejua alikuwa binti wa namna gani huko kwao Titye, na walionanaje na baba, ni baba mwenyewe. Nimemwuliza tangu nina miaka saba. Jibu lake ni lilelile, "Hayo siyawezi kwa mdomo, mama. Nitayaandika." Ukimbana zaidi anatoka nje kukagua migomba yake.

Basi nilimtengenezea njia isiyotaka macho. Vuta kipanya kushoto, chini, mpaka mwisho. Kwenye kona mshale hauna pa kwenda tena, hata ukivuta kupita kiasi. Bonyeza mara moja kitufe cha kuanzia kilichopo hapo. Andika u-k-o, gonga kitufe kikubwa, faili la ukoo linafunguka. Vitufe viwili vya kukupeleka mwisho wa maandishi, na hapo unaanza. Vitufe viwili vya kusevu ukimaliza. Tulifanya mazoezi siku mbili, mimi nimeshika kiti chake kwa nyuma, na siku ya tatu akanifukuza. Akasema hahitaji msimamizi.

Kosa langu lilikuwa ruta. Nilimpelekea kiruta cha laini ya simu ili asikilize redio za mbali humo humo kwenye kompyuta. Nikamwekea na bando. Nilijiona mtoto mwema kweli.

Kila jioni nilikuwa nampigia. Kwetu ukimwuliza mtu hali anakujibu amahoro, hata kama nyumba imeezuliwa. "Amahoro, baba?" Amahoro. "Macho je?" Amahoro. "Na kuandika?" Jioni moja akajibu, "Naandika. Nimefika kwa mama yako." Nilikuwa nakata vitunguu, nikaweka kisu chini. Kesho yake akasema yuko pale walipoonana. Siku nyingine akasema, "Leo nimeandika ulivyozaliwa." Sikumwuliza zaidi, niliogopa kumkatisha. Ijumaa akasema, "Nimemaliza. Njoo usome."

Nikabadilishana zamu na mwenzangu na Jumamosi nikapanda basi la kwanza. Nilimkuta amevaa shati lililopigwa pasi. Nikamwamkia, akaitikia, na chai akasema itasubiri. Nikawasha kompyuta.

Haikuwa kompyuta niliyoiacha. Rangi nyingine, picha nyingine, vitufe vyote vimekusanyika katikati. Pale juu kulikuwa na maneno ya kutupongeza, eti tumehamia mfumo mpya. Nani alihama? Nani aliombwa ruhusa? Nilikwenda kwenye kumbukumbu zake nikaona ilijiapdeti yenyewe, kwa bando langu, siku kumi na mbili zilizopita. Na kule kwenye kona ya kushoto, chini, palikuwa na kijipicha cha wingu.

"Baba," nikasema, "hebu fungua mwenyewe nione."

Akakaa sawasawa. Akavuta kipanya mpaka mwisho, akabonyeza. Likafunguka libao kubwa limejaa takataka. Hali ya hewa ya mji ambao mimi sijawahi kufika, matokeo ya mpira, picha ya mwanamke anapika keki. Baba akaandika u-k-o, akagonga kitufe kikubwa. Hapakutokea chochote. Akagonga vile viwili vya kwenda mwisho, akaweka vidole kumi mahali pake na kuniambia, "Haya, hapo sasa. Soma."

Nilimwuliza anaona nini. Akasema anaona rangi rangi.

"Tangu lini?"

"Kama wiki mbili hivi. Zamani palikuwa peupe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua ni macho. Nikasema ngoja nimalize kwanza, ukijua utanichukua unipeleke kwako Kasulu nikakae bure."

Yaani lile limashine lilibadilika, mzee akajilaumu yeye. Akaona upofu unamjia mbio, na badala ya kulalamika akaongeza kasi. Siku tisa za kazi, kila asubuhi, vidole kumi, na anasevu kwa utaratibu kama alivyofundishwa. Baba yangu alikuwa anausimulia utabiri wa hali ya hewa habari za mama yangu.

Nilitafuta. Nilifungua faili la ukoo, mstari wa mwisho ulikuwa unamhusu baba mdogo na ng'ombe wake. Nikatafuta kwenye kapu la taka, nikatafuta kila jina nililoweza kulifikiria, jina la mama, jina langu, Titye. Nikampigia fundi wa Kasulu. Akaniambia kwa upole wa kuudhi kwamba ningeweza kuurudisha mfumo wa zamani kama ningewahi ndani ya siku kumi. "Halafu dada, hata ungewahi, kama aliandika pale penye habari, pale hapaandikiki. Hakuna kitu cha kurudisha." Akaongeza kwamba mfumo mpya ni mzuri, tutauzoea.

Hapo ndipo nilipotukana. Nilimkatia simu kwanza, kisha nikaitukana kompyuta, ruta, bando na mtu yeyote huko aliko aliyekaa kwenye kiti chake akaamua kwamba kitu kilichokuwa kushoto sasa kiwe katikati. Baba alisubiri nimalize.

"Hakuna?" akauliza.

Nilifikiria kumdanganya. Ningeweza kusema ipo, nitakwenda kuichapa, halafu ningefanyaje? Nikamwambia, "Hakuna, baba. Haikuingia."

"Yote?"

"Yote."

"Hata ya mwavuli?"

"Mwavuli gani?"

Aligeuza uso dirishani, akawa anapapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba, huku na huku. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, nimemzika mama nikiwa na saba, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesikia kwamba kulikuwa na mwavuli.

Nikageukia kompyuta kwa sababu sikuwa na pa kuangalia pengine. Nikapekua mipangilio. Kumbe kuna sehemu ya kurudisha kitufe kushoto, unabonyeza mara tatu tu. Na kile kiwingu unakizima. Haikuchukua hata dakika moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mengine yote. Kama angesema siku ya kwanza, ningemwelekeza kwa simu huku nakata vitunguu. Nikachomoa na ruta ukutani, nikaitia mkobani.

"Jaribu sasa," nikamwambia.

Akavuta kipanya. Akabonyeza, u-k-o, kitufe kikubwa. Ukurasa ukafunguka.

"Peupe," akasema.

"Ndiyo, baba. Hayakuwa macho."

Akaitikia kwa kichwa. Aliweka vidole juu ya herufi, lakini havikusogea. Vilikaa pale muda mrefu. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri," akasema. "Nilikuwa sijaandika kitu kizuri kama kile."

Nikamwambia anisimulie tu, mimi niandike. Nilijua jibu kabla sijamaliza kusema. Akaniambia niende nikachemshe chai.

Jikoni nilijaza maji kwenye sufuria nikaiweka juu ya jiko bila kuwasha moto, ili nisikie. Hakukuwa na mlio wa herufi. Jirani alikuwa anafukuza kuku, pikipiki ikapita, kimya. Nilihesabu vikombe vilivyokuwa viwili. Nikawaza kwamba pengine mtu ana nguvu ya kuandika mambo kama hayo mara moja tu, na baba alikuwa ameitumia yake kwa mwanamke wa keki. Kisha nikasikia herufi moja. Nyingine. Zikaenda kidogo, zikasimama. Ndipo nikawasha jiko.

Nilipoleta chai alikuwa ameketi mikono mapajani. Chini ya ng'ombe wa baba mdogo palikuwa na mstari mmoja.

"Imo?" akauliza.

"Imo."

"Soma nisikie."

Nikamsomea: Alikuwa ameshika mwavuli, na ilikuwa kiangazi.

"Soma tena," akasema baba. Nilisoma tena, na kabla sijafika mwisho vidole vyake vilikuwa vimekwisha kurudi mahali pake.