Asubuhi ya Harusi na Hita ya Bwana Salim

Mwanangu, kesho unakabidhiwa funguo za nyumba ya kupanga kule Winson Green, na furaha yako naiona hata kwa namna unavyopanda ngazi mbili mbili. Kaa kidogo. Najua utanijibu kwa Kiingereza, lakini nisikilize kwa Kiswahili. Nataka kukusimulia asubuhi ya harusi yangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka moyo unanienda mbio.

Nilikuwa msichana wa Tanga, mgeni katika jiji hili la Waingereza, nimepanga mtaa wa Saltley pamoja na Wanjiru, Mkenya aliyekuwa muuguzi. Mwenye nyumba wetu alikuwa Bwana Salim, mtu wa kwetu, mcheshi, ambaye kila Idi alituletea halua. Sebuleni kulikuwa na hita ya gesi iliyofungwa ukutani, mali yake. Wanjiru alikuwa akimwuliza mara kwa mara fundi atakuja lini kuikagua. Yeye akicheka tu: "Hita hiyo ina afya kuliko mimi." Nasi tukicheka naye, maana ni vigumu kumbana mtu anayekuita binti yake.

Basi siku ya harusi ikafika, na baridi ya kukata masikio. Tangu asubuhi nyumba ilijaa wanawake. Huyu anapiga pasi, huyu anachoma udi, wengine wanabishana kuhusu maua ya nywele zangu, na nyimbo hazikatiki. Shangazi Mwanaidi, aliyenilea, alikuwa amesafiri kutoka Tanga kuja kuniozesha. Yeye alijisogeza karibu kabisa na hita, miguu ameinyoosha mbele. Madirisha yote tuliyafunga kwa ajili yake.

Kichwa kikaanza kunigonga. Kikafuata kichefuchefu. "Woga wa bibi harusi huo," akasema mmoja, wote wakacheka. Mwingine akasema ni njaa, akanipa chai. Nikamgeukia shangazi ili anitetee, nikakuta amelala, kidevu kifuani, katikati ya kelele zote zile.

Hapo Wanjiru akaingia kutoka kazini, koti lingali mwilini. Alimtazama shangazi, kisha akautazama moto wa hita. Ulikuwa wa manjano badala ya buluu, na ukutani juu yake palikuwa na masizi. Akauliza, "Nani hapa anaumwa na kichwa?"

Mikono ikainuka, karibu yote.

"Tokeni nje," akasema. "Wacheni nguo, wacheni chakula. Tokeni sasa hivi."

Alizima hita huku akisukuma dirisha kwa bega. Mimi na yeye tukamshika shangazi makwapani, tukamburuta hadi barabarani. Ungetuona, mwanangu. Wanawake wenye dhahabu shingoni wamesimama peku kwenye barafu, na mimi bibi harusi na hina yangu mikononi, nimefunikwa blanketi la jirani wa ng'ambo ya barabara ambaye hata jina langu hakulijua. Wanjiru akapiga simu ya dharura, akaita gari la wagonjwa na watu wa gesi. Nilimwita shangazi kwa sauti mpaka nikakauka koo. Alipofumbua macho akauliza kwa nini yuko nje bila mtandio, nikalia kwa furaha mbele ya mtaa mzima.

Fundi wa gesi alifunga bomba kuu, akapima hewa, akafungua hita. Njia ya kutolea moshi ilikuwa imezibwa na kiota cha ndege na vipande vya matofali. Moshi ulikuwa unarudi sebuleni pamoja na sumu isiyo na rangi wala harufu. Huku wanaiita kaboni monoksaidi. Inakulaza, usiamke tena.

Hospitali walituwekea oksijeni, mimi na shangazi, vitanda vimekaribiana. Bwana Salim akaja, amevaa kanzu mpya ya harusi, uso umemsawijika. Alisema kwa upole, "Mama, haya tuyamalize wenyewe. Sisi ni ndugu."

Shangazi alijivua kile kifuniko cha oksijeni. "Salim," akamwambia, "leo ungeivaa kanzu hiyohiyo kuja kunizika mimi na mwanangu. Undugu huo ulikuwa wapi ulipoombwa fundi?"

Bwana Salim aliketi. Akaufunika uso wake kwa mikono, na nilipoona mabega yake yanatikisika nilijua ameelewa. Kabla ya mwezi kwisha hita mpya ilikuwa imefungwa, na nyumba zake zote zimekaguliwa. Lakini pale pale hospitalini shangazi alinigeukia mimi: "Na wewe, kumwuliza mwenye nyumba si kumvunjia heshima."

Daktari alituruhusu alasiri. Tukaenda moja kwa moja Great Barr, kwa ami yake babako, ambako bwana harusi alikuwa ameshinda mlangoni tangu apate habari. Nikaolewa siku ileile. Na vigelegele vya kwanza alivipiga shangazi, sauti nzima.

Sasa nasaha yangu. Sheria ya nchi hii inamtaka mwenye nyumba alete fundi aliyesajiliwa kwa kazi za gesi kila mwaka, akague mabomba, vifaa vyake vya gesi na njia za moshi. Cheti cha ukaguzi akupe nakala kabla hujahamia, na kingine kila ukaguzi unaofuata. Kitambua sumu kiwepo katika kila chumba chenye boila ya kupasha maji au hita iliyofungwa, nawe ukijaribu kama kinalia. Jiko utakalonunua mwenyewe ni juu yako, lakini bomba linaloingia humo ni juu yake. Akikupiga chenga, mwandikie, kisha nenda halmashauri ya jiji. Na mkiumwa vichwa nyumba nzima, na mkitoka nje mkapata nafuu, zima gesi, fungua madirisha, toka na wenzako, piga simu ukiwa nje. Usione haya, hata mwenye nyumba akiwa mtu wa kwetu, hata akikuletea halua.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba yenye joto, na kila utakapolala ndani yake akuamshe salama.