Tulivyompa injinia wa kitabu cha Kichina jina la Kerubo, na kesi iliyotufuata

Wakuu, salamu kutoka Magwagwa, Nyamira. Leo nina furaha inayonizidi kifua, na mume wangu yuko kazini Nakuru, kwa hivyo nawamwagia nyinyi. Sitaongeza chumvi, kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Wale mliosema humu kwamba sisi wa mashambani tunasoma Biblia na bei ya chai tu, huu uzi ni wenu. Vuteni viti.

Nilipofunga duka langu Kisii nilirudi kukaa kwenye boma la wakwe. Asubuhi chai, jioni ng'ombe, na kila mtu ananiita bibi ya fulani. Nilikuwa nakauka, wakuu.

So nikaanzisha kikundi cha kusoma. Watu sita, Jumapili alasiri, kwangu sebuleni. Jumamosi haiwezekani maana nusu yetu ni Wasabato. Wale Wakatoliki walikuwa wanatoka misa na kuja moja kwa moja.

Kitabu chenyewe nilikipata kwa muuzaji wa mitumba Kisii mjini, na juzuu mbili zilizobaki binamu yangu akazitafuta Nairobi. Ni hadithi ya kisayansi ya mwandishi wa China, imetafsiriwa kwa Kiingereza. Binadamu wanaihama dunia ndani ya chombo kikubwa kama kaunti nzima. Safari ni ya vizazi, yaani waliopanda sio watakaoshuka.

Nakala ni moja, inazunguka mkono kwa mkono, tumeivika karatasi ya kalenda ya zamani kama kitabu cha shule.

Shida ilikuwa majina. Wahusika ni wengi na majina yao kwetu yalifanana. Katekista Onchari, mwenzetu wa kikundi, alimwombolezea mtu wiki nzima, kumbe aliyekufa ni mwingine.

Tukaamua kila mhusika apewe jina la Kikisii. Nahodha akawa Nyambane. Injinia wa chombo, mwanamke mkali asiyecheka ovyo, akawa Kerubo. Mambo yakanyooka, tukala juzuu ya kwanza kama mahindi ya kuchoma.

Juzuu ya pili ndiyo iliyotuletea balaa.

Moto unawaka ndani ya chombo. Injinia Kerubo inabidi afunge mlango wa chuma ili moto ukose hewa. Upande ule wa moto yuko mume wake, anagonga. Kerubo anafunga. Watu wanapona, mume anakufa.

Jumapili hiyo tulikaribia kupigana. Bosibori, ambaye ni nesi, alisema Kerubo alifanya sawa. Onchari akasimama na kusema kwa sauti yake ya kanisani kwamba Kerubo ni muuaji, alimsikia mumewe akigonga na akamwacha afe.

Madirisha yalikuwa wazi. Nje kina mama walikuwa wanapita na vikapu kuelekea kituo cha kupimia chai.

Sasa wakuu, hapa sokoni kuna Kerubo wa kweli, muuza mboga. Na huyo Kerubo aliwahi kumfungia mume wake mlevi nje, kwenye mvua. Mume hakufa, alipata homa tu, na juzi nimemwona akila mandazi. Lakini hiyo story kila mtu anaijua.

Mnaona tulikofika.

Haikupita wiki kabla ya soko lote kusema kwamba kwangu tunakaa kuhukumu ndoa za watu. Wateja wakawa wanagonga meza ya Kerubo na kumwambia afungue. Mama wa watu akaacha kuja sokoni. Siku aliyotoka nyumbani, alikuja moja kwa moja kwa baba mkwe wangu, ambaye ni mzee wa kanisa na mwenye boma.

Niliitwa. Nikajieleza kwamba huyo tunayemsema ni mtu wa kitabuni, ni Mchina.

Kerubo akanitazama. "Mchina anaitwa Kerubo?"

Mzee akasema kikundi kimefungwa.

Nililia siku hiyo kwenye majani chai, nawaambia ukweli. Kikundi hicho ndicho kilikuwa mahali pekee watu walinisikiliza nikisema ninachofikiria. Na kibaya zaidi, nilijua Kerubo ana haki ya kuumia.

Lakini mimi si mtu wa kukubali haraka. Mzee ni mwalimu mstaafu. Nikamtuma mama mkwe amwambie kwamba mwalimu hasahihishi mtihani ambao hajausoma.

Jibu likarudi kwamba nilete juzuu zote tatu, asije akadanganywa katikati.

Hapo nikakumbuka juzuu ya pili ina kurasa za mambo ya chumbani. Kwa wasiojua, sisi Wakisii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe wana mipaka, na mambo kama hayo hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Nikachukua stepla nikazibana zile kurasa kabla ya kumtumia kitabu.

Kitabu kiliporudi, pini hazikuwepo. Hatujalizungumza hilo na hatutalizungumza.

Basi mzee akasoma. Mama mkwe alikuwa ananiletea habari kila siku akicheka. Mzee amesahau ng'ombe. Mzee amemgombeza nahodha kwa sauti akiwa peke yake. Siku aliyotumwa kuuliza kama kuna juzuu ya nne nilijua bado nina nafasi.

Alipomaliza alisema atatoa hukumu mbele ya Kerubo, nami nikawaalika wote kwangu. Siku hiyo ya hukumu nikafagia, nikapika chai, nikapanga viti. Kiti cha mzee nikakiwekea kitambaa kizuri, katikati ya sebule. Kikundi kikaja chote. Kerubo naye akaja, uso umefungwa.

Mzee akafika mlangoni akasimama. Hakuingia.

Wakuu, baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni ileile. Mimi niliyeshindana na stepla kwa ajili ya heshima nilikuwa nimemwita mzee mzima ndani ya nyumba ya mwanawe. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee alichukua kigoda, akakaa nje chini ya dirisha, uso kwenye shamba la chai, mgongo kwetu. Akaanza kuhukumu akiwa huko.

Alisimulia kisa chote kwa Ekegusii, lugha yetu, taratibu, ili Kerubo asipitwe. Akasema injinia wa kitabuni ni mtu mwingine kabisa, ana jina lake la kwao. Akasema kosa letu ni kumchukulia jirani jina bila kumwomba, na tukamwombe msamaha. Tukamwomba hapohapo, mmoja mmoja. Onchari alipiga magoti.

Nikadhani yameisha. Mzee akakohoa.

"Katekista, wewe hukusoma vizuri. Yule mume hakugonga ili afunguliwe."

Onchari akauliza aligonga kwa nini basi.

"Rudi juzuu ya kwanza, pale wanapojifunza kazi pamoja. Walikubaliana kwamba kugonga mara tatu maana yake ni funga. Aligonga mara tatu. Alikuwa anamwambia mke wake afunge."

Onchari alifungua kitabu, akatafuta, akapata. Ilikuwa pale tangu mwanzo. Watu sita tulikuwa tumeupita huo mstari. Bosibori alianza kulia na mimi nikamfuata.

Kerubo hakulia. Alisogea hadi dirishani akaongea na mgongo wa mzee, akimwita tata, yaani baba.

"Tata, alifunga, na wale wengine wote wakapona?"

"Wote. Na watoto wao."

Akafikiri kidogo. "Basi aendelee na jina langu. Msimpe lingine."

Wakuu, nilipiga vigelegele ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya mzee wa kanisa, na sikuona aibu.

Kikundi kipo na kimekua. Siku hizi tunakaa nje kwenye nyasi ili mzee awe ndani ya mduara kama mtu yeyote. Ni mbishi kupita kiasi, anadai juzuu ya tatu imeharakishwa mwishoni. Kerubo hasomi Kiingereza, kwa hivyo Bosibori anamsomea na kumfasiria, na akichelewa kufika hatuanzi. Sokoni mtu akimgongea meza, anamjibu kwamba ashukuru mlango ulifungwa.

Nilichojifunza ni kwamba ukiazima jina la mtu, mwite pia aje asikie hadithi. Hadithi ikifika kwake nusu ni matusi, ikifika nzima huenda akaipenda kuliko wewe.

Sasa nyinyi mliosoma hizi juzuu za Mchina, na hata ambao hamjasoma, semeni. Angekuwa wewe upande huu wa mlango, ungefunga? Jumapili nitamsomea Kerubo majibu yenu yote, kwa hivyo andikeni mkijua anasikiliza.