Baba wa Kambi

Binti yangu ana miaka kumi na minne. Kiswahili anakielewa chote, ila kukijibu ni taabu. Jumapili huja kwangu Auburn, hapa Sydney, kwa treni kutoka Toongabbie, anakoishi na mama yake na mume wa mama yake, fundi bomba wa Kizungu. Jumapili moja alikuwa anakwangua ukoko wa wali sufuriani akaniambia, kwa Kiswahili kabisa ili anifurahishe:

"Baba wa kambi amenifundisha kuwasha moto bila kiberiti."

"Baba wa nani?"

"Wa kambi. Mama alisema ndivyo anavyoitwa kwa Kiswahili."

"Baba wa kambo, mwanangu. Kambo."

"Kambo ni nini?"

Nikajaribu maneno kimoyomoyo. Baba wa pembeni? Baba wa kuazima? Yeye akaendelea kutafuna ukoko wake. "Basi kambi ni nzuri zaidi," akasema. "Si anatupeleka kambi?"

Nilicheka. Alipoondoka niliisugua ile sufuria mpaka mkono ukauma.

Kwa mama yake sina kinyongo. Kilichoniuma ni kwamba kuzurura ni kwangu. Nilipomaliza kidato cha nne Tanga sikusubiri hata matokeo, nilidandia lori nikawa utingo. Nimelala chini ya tela Singida, Kahama, Tunduma, nikichemsha chai kwenye kopo la maziwa ya unga, na mpaka leo harufu ya dizeli asubuhi hunitia hamu ya kuondoka. Mama yake aliniacha akisema amechoka na mwanamume asiyetulia nyumbani. Sasa yeye huyo huyo kila likizo yuko barabarani, amekaa kiti cha mbele, mwanangu nyuma, wanatafuta pa kulala bure. Na dereva si mimi.

Nikaomba ruhusa kazini, nikalaza viti vya nyuma, nikapakia godoro, jiko la gesi na mchele, nikashika njia ya pwani kuelekea kaskazini. Watu niliwaambia naenda kupumzika. Ukweli nilikuwa natafuta kambi moja tu ambayo yule fundi bomba hajaikanyaga, ili likizo ijayo nimpeleke binti yangu, tuwe na mahali petu wawili.

Kambi za bure haziko kwenye zile fukwe za kwenye kalenda. Halmashauri za miji midogo hukupa kiwanja nyuma ya uwanja wa maonyesho ya mifugo, au kando ya daraja, na choo cha shimo kisafi kuliko ulivyotegemea. Bahari unaisikia tu kwa mbali. Waliojaa humo ni wastaafu wawili wawili wenye nyumba za magurudumu. Hao nao niliwaonea wivu. Mzee anarudisha gari nyuma, bibi anamwelekeza kwa kidole, hawasemeshani hata neno, na gari linakaa sawa. Bibi mmoja alinikuta napika wali nyuma ya gari akaniuliza, "Uko peke yako, mpenzi?" Huku mpenzi huitwa hata mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Nikamjibu kwamba binti yangu yuko njiani anakuja. Sijui kwa nini nilisema vile.

Kambi ya kwanza nilimtumia binti picha. Jibu likaja kabla wali haujaiva: "Tumelala hapo! Angalia siafu chini ya mti mkubwa." Ya pili: "Hapo ndipo baba wa kambi alianguka mtoni. Tulicheka mpaka tukalia." Nilikaa nautazama ule mto kama mtu aliyenikosea. Ya tatu sikupiga picha, nilimtajia jina tu, naye akanielekeza bomba lipi lina maji ya kunywa.

Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kurudi Sydney pale mzee mmoja mwenye mbwa aliponielekeza njia ya vumbi inayoishia baharini. Nikaifuata. Nikafungua geti la mbao, nikakuta mto mdogo, maji yake rangi ya chai ya rangi, unaingia baharini hapo hapo mbele ya macho. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Niliegesha karibu kabisa na maji, nikapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nipo mahali. Niambie kama unapajua." Nikamweleza njia ya vumbi, geti, mto na bahari.

"Sipajui."

"Una hakika?"

"Sipajui, baba. Ngoja nimuulize."

Kabla sijamzuia nikamsikia anayarudia maneno yangu yote kwa Kiingereza, mpaka rangi ya chai. Sauti ya mwanamume ikajibu polepole.

"Anasema hata yeye hapajui. Hajawahi kufika."

Nilipiga usukani kwa kiganja kwa furaha. "Basi ni petu mimi na wewe. Likizo ijayo twende?"

"Twende! Lakini nakaa mbele."

"Utakaa mbele."

"Na tusile wali kila siku."

"Hilo tutalijadili."

Ile sauti ikasema tena kitu nyuma yake. "Baba, anasema usipaki huko chini kwenye nyasi laini. Bahari ikijaa mto unapanda mpaka hapo. Paki juu, nyuma ya miti miwili, ardhi ngumu."

Nikageuka. Miti miwili ilikuwepo, juu ya kijilima. Sikuwa nimeitaja miti wala nyasi.

Binti hakugundua kitu. Alikuwa ameshaanza kuniuliza kama simu inashika vizuri huko.

"Mwambie asante," nikasema.

"Asante ya nini?"

"Mwambie tu."

Nilikaa garini na simu mkononi baada ya yeye kukata. Mimi ningekuwa yeye, ningesema napajua. Ningesema kwa sauti ili baba mtu asikie, na ningetaja mpaka rangi ya lile geti. Yeye aliniachia mahali pale, halafu akashindwa kuvumilia gari langu lizame.

Nikawasha gari nikalipandisha kijilima. Ardhi ilikuwa ngumu.