Marashi ya Leleshwa Niliyoyakana

Siku mbili sikupata usingizi, nikijiuliza kama mtu aliyemkana mwenzake akiwa hai ana haki ya kumsifu akiisha kufa. Habari zilinifikia Jumatatu kutoka Njoro: mzee aliyetunza mtambo wa kukamua mafuta ya majani kwenye shamba la Mzungu mmoja amefariki, na mjane wake ananiomba niseme machache mazishini.

Wasomaji wangu wa Nakuru huenda hamkumjua, lakini marashi yake huenda mmeyanusa. Baada ya kazi ya tajiri alichemsha yake mwenyewe: majani ya leleshwa, kile kichaka chenye harufu kali, kutoka upande wa Elmenteita, mnanaa, na unga kidogo wa mbao ya mtarakwa. Asubuhi yalikuwa makali kama jani lililovunjwa sasa hivi. Adhuhuri yakalainika kama nyasi iliyokatwa. Jioni yakabaki ngozini mfano wa sanduku la mbao lililotunzwa vizuri. Waume kwa wake waliyapaka yale yale. Nilipomwuliza hasa ni ya wanaume au ya wanawake, alicheka. "Ng'ombe akitoka kwenye vichaka vya leleshwa akinukia, wewe msomi unauliza kwanza kama ni dume au jike?"

Alinipa chupa siku niliyoitwa kuhojiwa kwa kazi ya ualimu, nikiwa nimetoka chuoni juzi tu. Aliniagiza tone moja nyuma ya kila sikio, basi. Nami kwa wasiwasi wangu, nilipoona njiani siyasikii tena, nikaongeza. Nilipofika mjini, nikaongeza. Ofisini walifungua madirisha yote. Kazi niliipata hata hivyo, na nilipomsimulia alicheka mpaka machozi. "Mwalimu, pua yako ndiyo iliyochoka. Marashi yalikuwa kazini!" Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Wema tuliouzoea tunadhani umekwisha, kumbe walio mbali kidogo wanauhisi.

Lakini walimu wenzangu waliposifu harufu ile, nilisema nimeiagiza dukani Nairobi. Niliona haya kumtaja mchochea moto wa mtambo. Sasa mjane, ambaye ndiye aliyechuma na kupima majani miaka yote, anataka kuendelea na kazi hiyo, na hapa mjini kila mtu anaamini marashi yale ni ya Nairobi. Nani atamtafuta Njoro? Nikisema kweli, mkuu wangu wa shule atajua ameajiri mwongo. Nilifikiria kutuma barua tu, nisiende. Nilifikiria kusifu uvumilivu wa marehemu tu, nikae.

Siku ya mazishi walimu wote walikuja kunisindikiza, mkuu akiwa mbele. Mjane aliniona nikigeuzageuza karatasi yangu. "Sema tu, mwanangu," akaninong'oneza. "Wewe unafikiri mpaka uji unapoa." Hapo nikaelewa kwamba shukrani niliyoificha moyoni haikuwa imemsaidia mzee yule hata siku moja; ilipaswa kusikiwa na wale wale niliowadanganya.

Nikavua kofia, nikasema, "Marashi mliyonisifia hayakutoka Nairobi. Yalitengenezwa na huyu tunayemzika, pamoja na mama huyu aliyesimama hapa, na bado anayatengeneza. Niliwaambia uongo."