Viatu Ambavyo Kimani Hakuviweka Mlangoni

Kuna jambo nimewaficha wanangu tangu nilipotoka hospitalini.

Leo mchana, hapa Kiamunyi, binti yangu Wairimu alikuwa akipanga likizo yetu ya Baringo. Alitaka twende mwezi wa tano, mvua ikinyesha na hoteli ikiwa tupu. Wanawe wawili wana usonji, na kelele za watu huwaumiza.

Tukitaja safari tu, mjukuu wangu Kimani huweka viatu vya wasafiri mlangoni, kwa mstari. Huongea mara chache, lakini kwa viatu hajawahi kukosea.

Leo aliweka vya mama yake, vya dada yake, na vyake.

Vyangu alivisukuma chini ya kitanda changu.

"Kimani, na vya Guka, babu yako? Ama atatembea miguu mitupu kama kuku?" Wairimu alicheka, akavileta mlangoni.

Mtoto akavirudisha polepole, ncha zikitazama ukuta.

"Guka haendi," akasema.

Wairimu akanigeukia. "Baba, umemwambia nini huyu?"

"Sijamwambia chochote," nilijibu, na hiyo ni kweli.

Marafiki, nishaurini nitaanzia wapi na binti yangu.

Daktari alisema mwezi wa tano hautanikuta.