Viatu vya Uhuru kwenye Mlima

Nakumbuka siku moja ambayo miguu yangu inaikumbuka kuliko kichwa. Imenirudia leo asubuhi, mjukuu wangu, nilipokuona unapanda kilima cha kanisa na ile kinga, baiskeli yako mpya. Loo! Unakanyaga pedali kwa kisigino, magoti yameangalia pembeni, na mwili mzima unayumba. Nimecheka. Hata miye nilipanda vile vile, na nusura nimpoteze mtu.

Wakati ule nilikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vyenye kisigino kirefu. Nilivinunua mwaka wa Uhuru, kwa sababu tuliambiwa sasa kila mtu ni bwana, na bwana hatembei pekupeku. Basi nikavivaa mpaka kwenye baiskeli. Kile kisigino kilishika pedali vizuri, nikawa nasukumia katikati ya unyayo, na pale kijijini kwetu Luberizi, kwenye tambarare, nani angejua kosa? Wasichana waliniangalia, ikanitosha.

Halafu rebelio, ile vita ya waasi, ikatufikia. Muuguzi wetu wa dispensari alikimbia, magari yote yalichukuliwa na watu wenye bunduki, na bibi yangu Feza akashikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza. Aliumwa usiku kucha, kulipokucha akaanza kutoka damu. Wakunga wa kijiji wakatikisa kichwa, wakasema mpeleke kwa wamisionari kule mlimani, na usichelewe. Nikamfungia mto kwenye chuma cha nyuma, nikamkalisha, nikavaa viatu vyangu. Ndiyo, mwanangu, nilivivaa. Niliona haya kufika kwa masista bila viatu.

Mlima ulipoanza nikaupigia mbio. Nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga kwa hasira. Kila nilipokanyaga, baiskeli iliruka kulia, ikaruka kushoto, na Feza nyuma yangu akalia, "Mama weee!" Kwenye kona ya pili mguu ukateleza. Pedali ikanipiga muundi, tukaanguka wote wawili. Yeye aliangukia magoti, mikono ameizungushia tumbo.

Pale konani alikuwa amepumzika mzee mmoja, na baiskeli yake imebeba gunia la chumvi. Alimwinua Feza kwanza. Kisha akanigeukia.

"Weye kijana, ile kinga imekukosea nini? Unaipiga kama unaua nyoka."

"Mzee, bibi yangu iko anakufa!"

"Naona. Ndiyo maana vua viatu."

Nikasita. Naona aibu kukwambia, lakini nilisita. Feza ndiye aliyemaliza maneno, jasho linamtiririka: "Vua, weye! Nife sababu ya viatu?"

Nikavua. Mzee akachuchumaa barabarani, akaushika mguu wangu kama mguu wa mtoto, akaweka pedali pale nyuma ya vidole, palipo papana na penye nguvu. "Hapa," akasema. "Kisigino kiache kishuke kidogo. Goti lipande na kushuka mbele yako, lisikimbie pembeni. Na ukae kitini, bibi asirushwe." Nikamuuliza nguvu nitaipata wapi nikikaa. Akanijibu, "Unatoka Luberizi, hujui kukwangua matope ya mpunga mlangoni? Mguu ukifika chini, ukokote nyuma namna ile. Usingoje mguu mmoja uchoke ndiyo ule mwingine uanze. Na usiangalie kule juu. Angalia hapa mbele ya gurudumu."

Akavishika viatu vyangu. "Nitakutunzia. Enda."

Nilipanda. Polepole, mwanangu, polepole mpaka nikajionea hasira mwenyewe, lakini baiskeli haikuruka tena. Miguu ilizunguka. Feza aliegemeza kichwa mgongoni mwangu, nikasikia pumzi yake, nikawa nazungusha kwa kuifuata. Palipokuwa pakali mno nilishuka nikasukuma, yeye akiwa juu, nikapanda tena. Sista alipotuona getini hakutusalimia hata, alimchukua Feza ndani mbio.

Nilikaa nje nikilia bila kujificha. Jua lilipokuwa kichwani nikasikia sauti nyembamba ya hasira. Ndiye Riziki, huyu unayemwita Shangazi, na mpaka leo sauti haijapungua. Feza naye alikuwa mzima.

Siku ya tatu nikateremka kutafuta chakula. Vita ilikuwa imepita barabarani, nyumba mbili zilikuwa zimeungua. Pale konani hapakuwa na mtu. Viatu vyangu vilikuwa juu ya jiwe, vimepanguswa vumbi, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Nikafungua. Chumvi. Wakati ule chumvi ilikuwa haionekani kabisa, watu walikula sombe, majani ya muhogo, chapwa, na mama aliyezaa lazima anywe mchuzi wenye chumvi ili apate nguvu. Mzee yule alilifikiria hilo huku mwenyewe anakimbia vita. Nilimuuliza kila mpita njia, mwaka hata mwaka. Sijui kama aliokoka. Jina lake sikuliuliza.

Basi nakwambia. Kanyagia mbele ya mguu, kaa kitini, zungusha, usipige. Pakikushinda, shuka usukume, hakuna atakayekucheka isipokuwa mjinga. Uliyembeba nyuma ndiye mwenye safari, si weye. Na mtu akikushika mguu akuoneshe, muulize jina.

Mungu akupe pumzi ya kufika, mwanangu. Akupe na mtu kwenye kona, atakayekwambia vua. Na siku utakapomkuta mwingine ameanguka pale, Mungu akukute na chumvi mkononi.